Sebule ya Madaftari ya Pamba

Watu wa mijini wazungumzapo juu ya ofisi ya nyumbani, huisema kana kwamba ilizaliwa pamoja na kompyuta. Historia ya nyumba zetu yasema vingine. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, wafanyabiashara wengi waliuza bidhaa chini na kulala ghorofani. Na kote mwambao, mwalimu wa chuo alisomesha watoto barazani pake au ukumbini.

Kwetu Ngulyati, katika Bariadi, nyumba ilikuwa nyingine lakini desturi ni ile ile. Msukuma wa zamani alijenga msonge: ukuta wa duara na paa la nyasi lililochongoka. Humo walilala watu, ikawekwa nafaka, na usiku ndama walipata sehemu yao. Mambo ya mazungumzo yalifanyika nje, kwenye shikome, yaani moto wa jioni, ambapo wazee walikata mashauri na vijana wakafundishwa.

Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ilivuruga mpangilio huo. Katika Mkoa wa Shinyanga, ambamo Bariadi ilikuwamo hadi Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, kaya zilizotawanyika zilihamishiwa kwenye safu za viwanja. Sheria ya mwaka 1975 ikavipa vijiji halmashauri. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa, na vijiji vikabebeshwa kazi za ushirika. Maandishi yakawa mengi kuliko vyumba vya kuandikia.

Mimi nilikulia katika matokeo ya hayo. Marehemu baba alishika madaftari ya pamba ya kijiji, na sebule yetu ndiyo iliyokuwa ofisi. Asubuhi wakulima waliingia na stakabadhi zao. Mchana mama alisogeza meza ukutani, akatandika mkeka, akachambua pamba yetu, safi huku na fifi kule. Usiku sisi watoto tulilala juu ya lundo hilo hilo. Ofisi nzima iliingia katika sanduku moja la bati lenye kufuli, likasukumwa chini ya kitanda cha wazee. Hakuna fundi aliyebomoa ukuta. Kilichobadilika ni saa tu.

Hata hivyo, nisiipambe sebule ile. Chumba chenye kazi nyingi kina mtu wa zamu ya mwisho, na kwetu alikuwa dada yangu. Alisoma baada ya wote, kwa kibatari. Msimu wa pamba ulipofika, mahesabu ya baba yalikesha, na zamu yake ikamezwa. Mtihani wa darasa la saba haukungoja msimu uishe. Hakuendelea na masomo. Sisemi kuwa ni meza peke yake iliyomzuia, ila katika nyumba yetu hakuna aliyewahi kuihesabu zamu yake kuwa ni kazi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, anayetaka ofisi nyumbani aulize kwanza ni saa za nani anazozichukua. Kiti na rafu vitafuata. Mimi hutafsiri kwenye meza ya kulia. Saa kumi na mbili jioni nafunga kamusi, natia karatasi katika sanduku lile lile la bati, na meza inakuwa ya binti yangu hadi amalize.