Cheti cha tabia njema na kazi ya ambulensi: mwenye rekodi ana nafasi?

Jamaa zetu wa Kiswahili wako Kisumu tangu reli ilipofika ziwani mwaka 1901, na kila nikienda kuwatembelea mtaa wa Kaloleni vijana huniuliza swali hili: mtu aliyewahi kushikwa na polisi anaweza kuajiriwa kwenye ambulensi? Jibu fupi ni kwamba inategemea. Jibu refu nimeliandika hapa, kwa sababu la Kisumu ndilo la Mombasa, Kilifi na Lamu pia.

Kwanza tujue nani anaweka masharti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeiweka huduma ya ambulensi mikononi mwa kaunti. Kwa hivyo kandokando ya ziwa, kijana ataomba kazi kwa kaunti ya Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori au Busia, au kwa mashirika kama Msalaba Mwekundu na St John, au kwa hospitali za binafsi. Madaktari, wauguzi na maafisa wa kliniki wana mabaraza yaliyoundwa kwa sheria ya Bunge. Wahudumu wa dharura wamekuwa wakitegemea zaidi baraza la wanafani wenyewe, KCEMT, pamoja na vyuo na waajiri. Ndiyo maana kwa vitendo mlango hufungwa au hufunguliwa na karatasi moja: cheti cha tabia njema.

Cheti hicho hutolewa na Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI. Unaomba kupitia eCitizen, unalipa shilingi 1,050, unachapisha fomu ya C24, kisha unakwenda kupigwa alama za vidole. Mtu wa Kisumu hana haja ya kusafiri hadi Nairobi, Huduma Centre iko mjini. Alama zako zinalinganishwa na kumbukumbu za DCI, na hapo ndipo lililokuwa limelala huamka.

Kuna jambo ambalo vijana wengi hawana habari nalo. Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022, na sasa mwajiri haruhusiwi kukudai vyeti vya aina hii kabla hajakusudia kukupa mkataba. Ukiona tangazo linalotaka watu mia walipie cheti ilhali nafasi ni mbili, ujue unayo haki ya kuuliza.

Sasa tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa sana. Kushikwa ni jambo moja, kutiwa hatiani ni jingine. Kisumu ni mji wa maandamano, na vijana wengi wamelala rumande siku moja mbili wakatoka bila hukumu yoyote. Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema mshtakiwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 35 kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari zisizo za kweli au zinazopotosha, ikiwa zinamuathiri. Basi kama mahakama ilikuachilia na rekodi bado inasoma kesi, chukua nakala ya uamuzi yenye muhuri wa mahakama uipeleke DCI, ubaki na nakala nyingine nyumbani. Na ofisi ya umma ikikunyima nafasi, iombe sababu kwa maandishi. Hiyo ni haki yako chini ya Kifungu cha 47.

Hayo hayana maana kwamba mlango uwe wazi kwa kila mtu. Mgonjwa ndani ya ambulensi huenda hana fahamu. Mkoba wake uko hapo, simu iko hapo, mwili wake uko mikononi mwa watu asiowajua. Ndani ya gari mna dawa zenye soko mitaani. Hii ni amana nzito. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006 inamtaka mkosaji aliyetangazwa na mahakama kuwa hatari aseme hukumu yake anapoomba kazi ya kuwatunza watoto au wanyonge, na akificha ametenda kosa jipya. Sioni mzazi atakayelalamikia hilo.

Lakini marufuku isiyopima huleta hasara. Kule California, Marekani, wafungwa wamepigana na moto wa misitu kwa miaka mingi. Wakitoka gerezani, aliyekuwa na hukumu ya kosa kubwa alizuiwa miaka 10 kupata cheti cha uhudumu wa dharura, na bila cheti hicho idara nyingi za zimamoto hazimchukui. Mwaka 2020 jimbo likapitisha sheria, AB 2147, inayowaruhusu waliohudumu vizuri kuiomba mahakama iwafutie hukumu, isipokuwa wenye makosa mazito kama mauaji na ubakaji.

Sisi tuna mfano wetu ziwani. Mashua ikipinduka karibu na Mbita au Dunga, anayefika wa kwanza huwa ni mvuvi. Baadhi ya wavuvi hao wamewahi kutozwa faini kwa kutumia nyavu zilizopigwa marufuku. Ni kosa, naam, lakini linahusu nini na kumtoa mtu majini na kumfunga jeraha? Ukimfungia huyo, umemfungia anayeyajua maji kuliko dereva yeyote wa ambulensi.

Wahenga walisema kosa moja haliachi mke. Rai yangu ni kwamba kila kaunti, ya ziwani na ya Pwani, iandike wazi maswali matatu kabla ya kumkataa mtu: Kosa lilikuwa gani, na linagusa vipi usalama wa mgonjwa? Lilitokea lini, na alikuwa na umri gani? Tangu hapo ameishi vipi, na nani anaweza kumshuhudia? Makosa ya kumfungia mtu moja kwa moja yatajwe kwa jina, na anayekataliwa apewe nafasi ya kukata rufaa.

Kifungu cha 43 kinasema hakuna anayepaswa kunyimwa matibabu ya dharura. Ahadi hiyo inahitaji watu wa kuitimiza, waaminifu na wa kutosha. Kwa sasa, kijana, kabla hujalipa karo ya chuo, omba cheti chako kwanza ujue kinasoma nini. Afadhali ulijue tatizo ukiwa na muda wa kulitatua kuliko kuligundua siku ya kuitwa kazini.