Matone ya Kano: hiari ya mzazi na haki ya jirani katika suala la chanjo

Mafakihi wetu wa madhehebu ya Shafi'i wameliweka suala la kujitibu karibu na mlango wa jeneza, na pengine ndiyo maana wengi wetu hatulisomi mpaka tumefiwa. Imam an-Nawawi katika al-Majmu' anasema kujitibu ni jambo linalopendekezwa, na mwenye kuacha dawa kwa ajili ya tawakkul ana fadhila yake. Kwa Imam Ahmad bin Hanbal kuacha ni bora zaidi. Msingi mmojawapo wa kauli hizi ni hadithi ya Ibn Abbas (r.a.) iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyemjia Mtume (s.a.w.) akilalamikia kifafa. Mtume alimpa hiari: asubiri na alipwe Pepo, au aombewe apone. Akachagua kusubiri, akaomba tu asifunuke nguo anapoanguka.

Hadithi hii hutolewa sana na wanaokataa chanjo. Ni hadithi sahihi, wala hatuna la kusema juu ya sanadi yake. Lakini tuitazame vizuri. Mwanamke yule alikuwa mtu mzima, mwili ni wake na subira ni yake, na kifafa hakimpati jirani kwa kukaa naye. Je, hukumu yake inahamia kwa baba anayekataa kwa niaba ya mtoto asiyejua kusema, tena katika maradhi yanayovuka ukuta na kuingia nyumba ya pili? Swali hili liliulizwa kwa uzito mkubwa huko Kano, kaskazini mwa Nigeria, mwaka 2003, na majibu yaliyotolewa yaligharimu watoto wengi viungo vyao.

Tuwe waadilifu kwa watu wa Kano kabla ya kuwalaumu. Mwaka 1996 mji huo ulipigwa na homa ya uti wa mgongo. Katikati ya msiba huo kampuni ya dawa ya Pfizer ya Marekani ilifika hospitali ya magonjwa ya kuambukiza na kufanya majaribio ya dawa yake iitwayo Trovan kwa watoto wapatao 200. Nusu walipewa dawa hiyo na nusu dawa nyingine iliyokwishajulikana. Watoto 11 walifariki, 5 katika kundi la kwanza na 6 katika la pili, na wengine walibaki na ulemavu. Kampuni ilikana kuwa dawa yake ndiyo iliyoua, lakini wazazi walisema hawakuelezwa kwamba watoto wao wanafanyiwa majaribio. Habari ilipoenea duniani mwishoni mwa mwaka 2000, kila nyumba ya Kano ilikuwa na la kusema kuhusu dawa za wazungu.

Juu ya hayo kulikuwa na sera ya idadi ya watu ya mwaka 1988 iliyotaka mwanamke asizidishe watoto wanne. Tena watu walijiuliza: hospitali hazina dawa ya malaria, vipi matone ya polio yaletwe bure hadi mlangoni, tena mara kwa mara? Mwenye akili haoni ajabu kwamba walitia shaka.

Katikati ya mwaka 2003 Baraza Kuu la Sharia la Nigeria, likiongozwa na Dk. Datti Ahmed, ambaye mwenyewe ni tabibu, lilitaka chanjo isimamishwe kwa tuhuma kwamba imetiwa vitu vya kuzuia uzazi na virusi vya ukimwi. Majimbo kadhaa ya kaskazini yakasitisha. Mengine yalirudi mapema, Kano ikabaki takriban miezi 11. Si wanazuoni wote waliokubali. Jama'atu Nasril Islam, chini ya Sultani wa Sokoto Muhammadu Maccido, ilishiriki katika uchunguzi, na sampuli zikapelekwa Afrika Kusini, India na Indonesia. Baada ya majibu Sultani aliwahimiza watu wachanje. Kano yenyewe ilikubali pale chanjo ilipoagizwa kutoka Indonesia, nchi ya Waislamu. Mwishoni mwa Julai 2004 gavana Ibrahim Shekarau alimpa binti yake matone mbele ya watu.

Miezi 11 si mingi, mtu anaweza kusema. Lakini polio ina siri moja ambayo mwenye kutoa fatwa hana budi kuijua. Huenea kwa kinyesi kuingia kinywani, kwa maji na mikono michafu, na katika walioambukizwa takriban 200 hupooza mmoja tu. Wengine wote wanacheza na kusafiri wakiwa wazima machoni pa watu, na virusi wanavyo. Nigeria ilisajili wagonjwa 355 mwaka 2003, mwaka uliofuata 782, na mwaka 2006 zaidi ya 1,100.

Virusi vya kaskazini mwa Nigeria vilifuata njia ile ile ya mahujaji na wafanyabiashara: Chad, Sudan, hadi Saudi Arabia mwaka 2004. Yemen ikapata zaidi ya watoto 470 waliopooza mwaka 2005. Indonesia, ile ile iliyowauzia watu wa Kano chanjo waliyoiamini, ikapata takriban 300. Kutoka Yemen vikaingia Mogadishu mwaka 2005, na Oktoba 2006 mtoto wa wakimbizi wa Kisomali aligunduliwa katika kambi za Dadaab nchini Kenya, nchi iliyokuwa haina polio tangu 1984. Saudi Arabia nayo ikaweka sharti la chanjo kwa wasafiri watokao nchi zenye maradhi haya, kwanza watoto wa chini ya miaka 15, baadaye rika zote.

Tena si jambo jipya kwetu. Mwaka 18 H. Sayyidna Umar (r.a.) alifika Sargh akielekea Sham, akapata habari ya tauni ya Amwas. Akawashauri Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, akaamua kurudi. Abu Ubayda (r.a.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, na Umar akajibu kwamba anatoka kwenye kadari Yake kwenda kwenye kadari Yake. Kisha Abdurrahman bin Awf (r.a.) akaja na hadithi: msiingie nchi yenye tauni, wala aliyomo asitoke kwa kuikimbia. Sehemu ya pili ndiyo nzito. Anayezuiwa kutoka ni mtu mzima wa afya, anayedai haki ya kujiokoa. Imam al-Ghazali katika Ihya ameeleza kwamba huenda maradhi yamekwishamwingia ndani na nje hayajaonekana, na kwamba wazima wote wakiondoka, wagonjwa hawatapata wa kuwanywesha maji. Al-Ghazali hakujua virusi ni nini, lakini aliyoyasema ndiyo hasa hali ya polio.

Kwa hiyo Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, katika kikao chake cha saba mjini Jeddah mwezi Mei 1992, azimio namba 67, haikuleta bidaa. Ilisema kujitibu kunatofautiana kwa hali: ni wajibu pale kuacha kunapopelekea kupotea nafsi au kiungo, au pale madhara ya maradhi yanapovuka kwenda kwa wengine. Ikalinda ridhaa ya mgonjwa mwenye akili timamu, na papo hapo ikampa mtawala haki ya kulazimisha katika baadhi ya hali, ikitaja maradhi ya kuambukiza na chanjo za kinga. Ama mtoto, walii wake hana mamlaka isipokuwa kwa maslaha ya mtoto. Mzazi anaweza kuusubiria mguu wake mwenyewe. Mguu wa mwanawe ni amana.

Suala la najisi nalo lilijibiwa. Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti lilitazama mwaka 2003 matone yaliyotengenezwa kwa kutumia kimeng'enya chenye asili ya nguruwe, likaruhusu, na Baraza la Maulamaa la Indonesia likaruhusu mwaka 2005 maadamu hakuna badala ya halali.

Kwa maoni yetu, wanazuoni wa Kano hawakukosea kutaka uthibitisho. Kuthibitisha habari ni amri ya Qur'ani katika Surat al-Hujurat. Kosa lilikuwa kuendelea baada ya uthibitisho kupatikana, na kutangaza tuhuma juu ya mimbari kabla ya kupatikana. Mimbari haina njia ya kurudisha neno: Februari 2013, miaka tisa baadaye, wanawake wasiopungua 9 wa chanjo waliuawa kwa risasi mjini Kano.

Lakini mwenye haki ya kulazimisha ana wajibu wake pia, na fiqhi inaujua kwa jina la dhamana. Mgonjwa wa mwisho wa polio ya asili Nigeria aligunduliwa Borno mwaka 2016, na tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa huru na polio hiyo. Familia za watoto wa Trovan zilisubiri hadi mapatano ya mwaka 2009, na malipo ya kwanza, kwa familia nne tu, yalitolewa mwaka 2011.

Wallahu aalam.