Mabadiliko ya Kiumbo na ya Kikemia

Maada hubadilika kwa namna mbili. Katika badiliko la kiumbo, kitu hubadili sura, ukubwa au hali, pengine yabisi likawa kioevu au kioevu kikawa mvuke, lakini kitu chenyewe ni kilekile. Katika badiliko la kikemia, atomi huachana na kuungana upya, na kinachopatikana ni kitu kingine chenye tabia zake. Wanafunzi wengi hufundishwa njia ya mkato: la kiumbo hurudi lilivyokuwa, la kikemia halirudi. Njia hiyo hupotosha, na ushahidi wake umejaa pwani ya Kilifi na Malindi.

Chumvi haina utata mkubwa. Kaskazini ya Malindi, pande za Gongoni, Ngomeni, Marereni na Kurawa, maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yasiyo na kina, yakaachiwa jua na upepo. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali, na zaidi ya robo tatu yake ni chumvi ya kula. Jasi hutangulia kutuama. Maji yakishapungua hadi karibu sehemu moja ya kumi ya yalivyokuwa, chumvi ya kula nayo huanza kuganda. Mwisho hubaki maji machungu yenye magnesi. Chumvi inayokwanguliwa bwawani ni ileile iliyokuwa baharini, na mvuke uliopaa ni maji yaleyale. Hata madini joto yanayotiwa kiwandani huchanganywa nayo tu, hayaigeuzi.

Chokaa ndiyo yenye mafunzo zaidi. Jiwe la matumbawe, ambalo watu wa mwambao wamejengea tangu zamani, kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti. Kwa njia ya asili, magogo hupangwa kwa mviringo, mawe yakarundikwa juu yake, kisha moto ukawashwa. Joto likifika karibu nyuzi 900 za selsiasi, jiwe hutoa hewa ukaa. Kilo 100 za kalsiamu kaboneti safi hutoa kilo 44 za hewa hiyo, na kilo 56 zinazobaki ni oksidi ya kalsiamu, yaani chokaa isiyozimwa. Kwa macho bado ni jiwe jeupe, ila jepesi zaidi, na asiyejua atadhani limekauka tu. Likimwagiwa maji hufoka, likatoa mvuke na kupasuka likawa unga. Joto la mvuke huo halikutoka kwenye moto wowote. Limetokana na kuungana kwa chokaa na maji, na hiyo ni dalili thabiti ya badiliko la kikemia.

Fundi akishaupiga lipu ukutani, unga huo uliozimwa huanza safari ya kurudi. Siku baada ya siku, na kwa miaka, hunywa hewa ukaa kutoka angani, hutema maji, na kuwa tena kalsiamu kaboneti. Kuta za Gedi, gofu la mji ambao kaburi lake moja lina tarehe ya mwaka 802 Hijria, sawa na 1399 au 1400 Miladia, zimeshikwa na chokaa ya namna hii. Wageni wanaolitembelea gofu hilo, lililoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, hugusa jiwe lililochomwa na binadamu na kufanywa jiwe tena na hewa. Mabadiliko matatu ya kikemia yamefuatana, na la mwisho limekirudisha kitu mahali pake pa mwanzo.

Kinyume chake nacho kipo. Katika miamba ya Malindi na Watamu, samaki aina ya pono huguguna matumbawe na kuyatoa yakiwa mchanga. Hilo ni badiliko la kiumbo, kwani mchanga huo bado ni kalsiamu kaboneti. Lakini nani atakayeuunganisha ukawa tumbawe lilelile? Kwa hiyo swali la kuuliza si kama kitu kitarudi, bali kama kimezaliwa kitu kipya.

Mapovu nayo hudanganya. Maji yanayochemka sufuriani hutoa mapovu, na tembo la mnazi aliloteremsha mgema hutoa mapovu vilevile. Ya sufuriani ni mvuke wa maji. Ya tembo ni hewa ukaa, kwa kuwa hamira za asili zinakula sukari ya utomvu na kuifanya kileo. Likiachwa zaidi, bakteria hukigeuza kileo hicho kuwa siki.

Mwalimu anaweza kuonyesha haya darasani bila maabara. Akoroge chokaa iliyozimwa kidogo katika maji, aiache itulie hadi maji ya juu yawe safi, ayamimine katika gilasi, kisha ayapulizie pumzi kwa mrija. Maji yatageuka meupe, na weupe huo ni kalsiamu kaboneti, jiwe lilelile la ukuta wa Gedi. Apulize yeye mwenyewe, asiyavute mdomoni, na awaweke watoto mbali kidogo, kwa maana maji ya chokaa huunguza macho.