Hesabu ya Muyinga, hesabu ya Gitega

Nilijifunza kuhesabu mzigo wa umeme Muyinga, Burundi, mwaka 1987, kwa penseli, nyuma ya boksi la sabuni. Mzee aliyenifundisha hakuanza na balbu, alianza na mto. "Kayenzi inatoa ngapi?" Kituo hicho cha umeme wa maji kilianza kuzalisha mwaka 1984, na uwezo wake wote ni kilowati 800. Kwa hiyo mwenye duka alipotaja anachotaka, Mzee alimtazama kama mtu aliyeomba nyama ya watu wote sahanini mwake.

Hesabu yenyewe ilikuwa fupi. Duka la vitenge lilikuwa na balbu nne za wati 60, redio, na pengine friji ya soda. Wati 500, yaani ampea mbili na kidogo kwa volti 220. Disjonteri, yaani swichi ya kukata umeme mzigo ukizidi, ya ampea 5 ilitosha na kubaki.

Kichwa kiliuma kwenye mashine za kusaga. Mota ya kilowati 15 ikishazunguka hula kama ampea 30, lakini inapoamka huvuta hata mara sita ya hizo. Zikiamka mbili pamoja, taa za mtaa hugeuka rangi ya chungwa. Mzee aliwapatanisha wasagaji wawili majirani: wa juu awashe saa moja asubuhi, wa chini saa moja na robo. Hakuna karatasi iliyoandikwa, ila hiyo nayo ilikuwa hesabu ya mzigo, na mimi naiona bora kuliko nyingi nilizoona zikigongwa mihuri.

Vita vikaja. Vikwazo vya nchi jirani vya 1996 vilipobana mipaka, disjonteri ikawa lulu, nasi mafundi tukafunga uzi wa shaba mahali pa fyuzi. Nilifanya hivyo mara nyingi. Sijivunii.

Nilipohamia Gitega nilikuta jina la Kifaransa la kile Mzee alichofanya kwa wasagaji: koefisienti ya simultaneite. Maana yake ni kwamba vyombo vyote haviwaki kwa wakati mmoja, basi usilipie waya wa vyote. Tangu mji ulipofanywa makao makuu ya siasa mwaka 2019, naitwa kwenye majengo ya ghorofa, maduka chini na ofisi juu. Moja nililolipima lilijumlisha kilowati 24: birika za chai za ofisini, friji, mashine za fotokopi, pampu ya maji, na saluni yenye vikaushio. Taa hazina uzito tena. Balbu ya wati 60 imeachia nafasi ile ya wati 9. Nikazidisha kwa koefisienti hiyo, 0.6, nikapata 14.4. Nikagawa kwa 0.8 kwa sababu ya mota, ikawa kVA 18. Kwa fezi tatu za volti 400 hiyo ni ampea 26, basi disjonteri ya 32.

Majengo 55 kama hilo yangeimaliza Kayenzi nzima. Leo kuna kituo cha Rwegura, megawati 18 tangu 1986, na jua la Mubuga hapa hapa Gitega, megawati 7.5, na Rusumo ya megawati 80 tunayogawana na Rwanda na Tanzania. Vijana hawaulizi tena mto.

Ile 0.6 ndiyo tunayogombania. Kijana mmoja mhandisi aliitoa kwenye simu yake. Nikamuuliza: mwanangu, umepanda kule saluni? Hakuwa amepanda. Tukapanda wote. Mwenye saluni akatuambia Jumamosi vikaushio vyote vitatu havizimwi tangu saa nne asubuhi hadi jioni, maana maharusi ni wengi. Kijana akafuta 0.6 kwenye mstari wa saluni, akaandika 1.