Jua Linaishia Floo ya Juu

Wasee, ukiwa Pipeline, Tassia ama Umoja, ingia ploti yoyote ndefu saa sita mchana, simama katikati, angalia juu. Utaona shimo la mraba limepanda floo saba, nguo zimeanikwa kila mahali, na kule mwisho mabati meupe ya plastiki ya kupitisha mwanga. Hiyo ndiyo skailaiti ya Eastlands. Wanaojenga mall wana za bapa, za kuba, za piramidi kama ile ya Louvre, Paris, ya 1989. Sisi tuna plastiki na shimo.

Mwanga umeuzwa tangu zamani. Uingereza ilianza kutoza kodi ya madirisha 1696, na watu wakaziba madirisha yao kwa matofali ndio wasilipe. Kodi hiyo ilifutwa 1851, mwaka uleule Joseph Paxton, jamaa aliyeanza kama mtunza bustani (hakuwa na digrii ya usanifu, nasema tu), alisimamisha Crystal Palace London: jumba la chuma na vioo karibu 300,000.

Lakini historia inayotuhusu sisi ni ya New York. 1879 sheria ilidai kila chumba kiwe na dirisha la kuingiza hewa. Wenye nyumba wakatii kwa ujanja: waliacha kijishimo chembamba kati ya jengo na jengo, dirisha likafungukia humo, basi, sheria imefuatwa. Wapangaji wa chini hawakuona jua. Taka zikatupwa humo, uvundo ukapanda, na moto ukishika, shimo linageuka bomba la moshi. 1901 sheria mpya ikadai majengo mapya yawe na nyua pana.

Sasa rudi hapa. Kaloleni ya miaka ya 1940 ni nyumba za chini, katikati nafasi ya watoto kucheza. Dandora ilianza miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: unapewa ploti yenye choo na bafu, vyumba unajijengea pole pole. Halafu wapangaji wakaongezeka, majengo yakaenda juu, na ploti ikabaki saizi ileile. Kilichobanwa ni shimo. Landilodi akilipanua kwa mita moja au mbili anapoteza chumba kila floo, mara saba, kila mwezi.

Kuna wanaosema shida ni plastiki imechakaa. Zii. Hata uweke kioo safi, mwanga unafika chini kwa kugonga kuta, na kila ukuta mchafu unameza kiasi. Kupaka kuta nyeupe kungesaidia zaidi, na ni bei ya rangi tu.

Fundi wa Brazil, Alfredo Moser, alipata njia yake 2002: chupa ya plastiki ya lita mbili, maji, jiki kidogo ya kuzuia ukijani, unaichomeka kwenye mabati. Mchana inawaka kama balbu ya wati 40 hadi 60. Kwa keja ya mabati Mukuru ama Korogocho, hiyo ni poa sana. Ila inataka paa juu ya kichwa chako, na kwa ploti ya floo saba, juu ya kichwa chako kuna jirani.

Kwa hivyo ukienda kuona singo, nenda mchana, na kabla hujalipa depo mwambie keateka azime taa.