Kipasuo-kwamizo: Hatua Mbili, Sauti Moja

Konsonanti huainishwa kwa vigezo vitatu: mahali inapotamkiwa, namna hewa inavyozuiwa, na kama nyuzi za sauti zinatetema. Kwa kigezo cha namna, /p/ na /t/ ni vipasuo, kwani hewa hubanwa kabisa kisha huachiwa ghafla. Nazo /s/ na /sh/ ni vikwamizo: hewa hupenya mahali pembamba ikikwaruza. Sauti /ch/ ya neno chakula hufanya yote mawili. Bapa la ulimi huziba njia nyuma ya ufizi, kisha hubanduka polepole na hewa ikatoka kwa mkwaruzo. Ndiyo maana ikaitwa kipasuo-kwamizo. Wengine huandika kizuiwa-kwamizwa.

Huenda mtu akauliza: ikiwa hatua ni mbili, kwa nini tusihesabu /t/ na /sh/ zilizofuatana, hasa kwa kuwa alama ya kifonetiki ya kimataifa ya /ch/, [tʃ], ina herufi mbili? Swali lina uzito, ila mfumo wa Kiswahili unalijibu. Katika maneno ya asili, konsonanti hufuatana katika silabi pale nazali (sauti ya puani) inapotangulia, kama mbuzi, au kiyeyusho (/w/ au /y/) kinapofuata, kama kwao. Kipasuo hakifuatwi na kikwamizo. Tukiigawa /ch/, itabidi tubuni kanuni kwa ajili yake peke yake. Lahaja nazo zinashuhudia: macho na kucheka za Kiunguja ni mato na kuteka katika Kiamu na Kimvita, konsonanti moja kwa konsonanti moja. Wingi wa herufi si hoja, kwani hata th na gh huandikwa kwa herufi mbili na hakuna anayezihesabu kuwa sauti mbili.

Je, /j/ nayo, iliyo ghuna (nyuzi za sauti hutetema), iingie kundi hili? Si kila mara. Wasemaji wengi wa pwani huitamka /j/ ya jana bila mkwaruzo, na kwa sababu hiyo vitabu vingi vya shule huiweka pamoja na vipasuo /b/ na /d/. Ikitanguliwa na nazali, kama katika njia, mkwaruzo husikika. Kwa hiyo uainishaji hutokana na matamshi, wala hauamuliwi na tahajia.

Istilahi kipasuo-kwamizo inastahili kubaki, kwa sababu inataja kazi yote ya ulimi kwa mpangilio wake. Mwalimu anayeifundisha aanze na kinywa, herufi zifuate baadaye.