Ashkrimu ya soda: kutoka California hadi Mugumu

Dada zangu, ashkrimu ya soda ina historia. Inasimuliwa kwamba mwaka 1905 huko California, Frank Epperson, mtoto wa miaka 11, alisahau nje glasi ya unga wa soda na maji, kijiti ndani, asubuhi imeganda. Baadaye akaomba hataza.

Tarime na Serengeti vijijini tulingoja umeme. REA ilianza kazi 2007, nguzo zikasogea, na mama mwenye friji akapata biashara mlangoni.

Koroga Fanta mpaka gesi iishe, ndipo utie maziwa ya unga, ufunge vifukoni, ugandishe. Chupa nzima usigandishe, itapasuka!

Mahari ya Wakurya ni ng'ombe, huenda kwa baba. Yetu ni ya bibi harusi mwenyewe. Mimi ningetaja friji.